Pembe ya Kurasa Nne

Mmekuja mmoja mmoja pale mtaa wa Latema, Nairobi, kuniuliza kwa nini kibanda changu cha vitabu kilifungwa Jumanne na Jumatano, na kwa nini siku hizi siuzi ramani moja moja. Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama huku mteja ananipapasia kamusi bila kununua. Nimeandika mara moja. Ukimaliza mpe mwenzako, na usije kuniambia nimeongeza chumvi. Nimepunguza.

Safari yenyewe si ndefu kwa kilomita. Kutoka mjini kati hadi Kinoo, mtu mwenye akili zake anafika kwa saa moja. Sisi tulichukua siku mbili, tukipitia Hurlingham na Woodley, na njia nzima nilipata mtu mmoja tu wa kubishana nami bei. Mnanijua. Nikiambiwa "chukua tu" huwa natafuta mlango.

Mnaikumbuka ile atlasi ya jalada la kijani niliyoinunua kwa mtu wa mkokoteni, ikiwa imefungwa pamoja na magazeti? Ilichorwa kwa mkono, wino mweusi na penseli. Nilihesabu kurasa mara mbili, maana mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata watoto wangu. Kumi na mbili. Zilionyesha upande wote wa magharibi wa jiji wakati mashamba yalipokuwa mengi kuliko nyumba. Nikafanya vile sisi wa vitabu vikuukuu hufanya: nikakata uzi kwa wembe, nikaichambua. Atlasi nzima hukaa kibandani mwaka mzima ikinitazama. Ukurasa mmoja ndani ya fremu huondoka upesi, kwa sababu watu wa fleti wanataka kitu cha zamani ukutani.

Ziliondoka nne, zote siku moja, na zilikuwa zile nne tupu kuliko zote: shamba, kijito, njia ya miguu, kanisa moja, basi. Zile zenye mitaa mizuri bado ninazo hadi leo. Nilishangaa, lakini pesa ikishaingia mfukoni mshangao hupungua.

Halafu Jumatatu moja jioni akaja mwanamke wa umri wa kustaafu, sweta la bluu, viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Alisema anaitwa Eunice, amefundisha jiografia miaka yake yote, na atlasi ile ilikuwa ya baba yake. Mpwa wake alikuwa amesafisha stoo na kuiuza pamoja na magazeti.

"Baba alikuwa mchoraji wa ramani," alisema. "Nilipozaliwa tulikuwa tumepanga nyumba Kinoo. Dada yangu alifariki akiwa mchanga. Hapakuwa na uwezo wa kumpeleka nyumbani, kule ziwani. Mwenye shamba akawaruhusu wamzike hapo hapo. Hakuna msalaba, hakuna jiwe."

"Pole, Mwalimu."

"Baba alichora kitabu hicho miaka mingi ili asipoteze mahali. Alipokuwa anakufa aliniambia: dada yako yuko kwenye atlasi, pale kurasa nne zinapokutana. Mama hakuweza kuvumilia kufungua ukurasa na kuliona kaburi. Kwa hiyo baba aliligawa. Kila ukurasa una kipinde kidogo tu pembeni, kama kalamu imeteleza. Ukiziweka pamoja, unapata duara."

Shamba lilikuwa limeuzwa. Mwenye ploti mpya anajenga fleti zenye maegesho chini ya ardhi. Alimwambia Mwalimu, bila ubaya, kwamba akionyesha mahali kamili kabla ya Alhamisi asubuhi, atamruhusu kumtoa mtoto. Asipoonyesha, tingatinga haijui kaburi wala jiko. Ploti ni nusu ekari, na miti iliyokuwa alama ilikatwa zamani.

"Kwa hiyo niuzie atlasi yangu," akasema.

"Mwalimu, atlasi haipo. Kuna karatasi nane na jalada."

Hakupiga kelele. Alinitazama vile mwalimu humtazama mwanafunzi aliyekula chaki. Nikasema nitampeleka mwenyewe kwa wote watatu walionunua, maana fremu niliwapelekea mimi. Kitu kimoja sikumwambia, na nyinyi nawaambia mapema ili msinione mzuri kuliko nilivyo. Fremu za bei nafuu ni ndogo. Kabla ya kuziingiza karatasi zile nne nilipunguza kingo zote, pande zote nne. Vile vipande vyembamba nilivigawa kwa wateja kama alama za kusomea. Pembe za Mwalimu zilikuwa zimetawanyika Nairobi nzima, ndani ya riwaya za watu.

Latema hadi Hurlingham

Jumanne saa moja asubuhi tukaondoka. Bomba kubwa la maji lilikuwa limepasuka na barabara imefungwa, kwa hiyo tukapanda Valley Road kwa miguu. Mwalimu alikuwa mbele. Mimi nina miaka kumi pungufu yake na nilikuwa nyuma, nikijifanya naangalia maua.

Ili apunguze mwendo nikamuuliza swali. Walimu husimama wakiulizwa.

"Kwani ramani nyingi zikishonwa pamoja si ndiyo atlasi?"

Alisimama. "Hiyo ni bahasha ya ramani, Njeri. Zamani huko Ulaya walikuwa wakiuza ramani karatasi moja moja, kila mchoraji na kipimo chake. Tajiri akitaka kitabu, alichagua karatasi zake dukani, akapeleka kwa mshonaji. Vitabu viwili havikufanana."

"Kama mahindi ya kupimiwa."

"Kama mahindi. Halafu katika karne ya kumi na sita mtu mmoja kule Uholanzi ya Kusini, ile inaitwa Ubelgiji siku hizi, akaona heri kuzichora zote upya kwa ukubwa mmoja, kwa mpangilio mmoja, na orodha ya alikozitoa. Hapo ndipo atlasi ilizaliwa. Jina lilikuja baadaye kidogo, kwa rafiki yake. Watu hudhani ni lile jitu lililobeba dunia. Kwanza halikubeba dunia, lilibeba mbingu. Na yule mchoraji mwenyewe alimtaja mfalme wa Afrika Kaskazini katika hadithi za kale, aliyesifiwa kwa kuzijua nyota."

"Kwa hiyo wale wa mwanzo walikuwa wanauza karatasi moja moja kama mimi."

"Ndiyo. Umeirudisha dunia nyuma miaka mia nne, na wembe wa kunyolea."

Tukaendelea. Baadaye kidogo, bila kuulizwa, akaniambia kwamba kabla ya hao wote kulikuwa na msomi Mwarabu katika kisiwa cha Sisili aliyeichora dunia aliyoijua vipande sabini, na ukivipanga vinaungana kuwa dunia moja. "Baba alimpenda sana huyo. Alikuwa akisema ramani moja inakuonyesha ulipo, lakini atlasi inakuonyesha ukitoka hapo unaingia wapi."



Kliniki ya meno iko ghorofa ya pili, kando ya Argwings Kodhek. Walinunua kurasa mbili, wakazitundika pande mbili za mlango wa daktari. Nilikuwa nimeshapanga vita vyangu vyote: nitaanzia chini, nitatoka, nitarudi. Msichana wa mapokezi aliinua macho, akamtazama Mwalimu, akatabasamu.

"Sasa mathe! Umerudi? Ulisahau nini?"

Mwalimu akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake. "Mimi?"

"Si jana ulikuja? Ulikaa hapo, ukaangalia hizo picha karibu saa nzima. Nikakuuliza uko na appointment ya saa ngapi, ukasema unangojea mtu."

Nikaguna. Jana ilikuwa Jumatatu. Jumatatu jioni Mwalimu alikuja kwangu akijifanya hajui ramani ziliuzwa wapi. Nikamwangalia kwa jicho la sokoni.

Tulingoja daktari saa mbili nzima, kuanzia saa tatu na nusu mpaka karibu saa sita kasorobo, kwa sababu alikuwa aking'oa gego la mwanamume mmoja mkubwa aliyelia kama tairi. Nilihesabu vigae vya sakafu mara mbili. Daktari alipotoka nikafungua mdomo, na kabla sijataja bei akasema:

"Chukueni zote mbili. Leo."

"Daktari, bado hatujaongea..."

"Mama, wagonjwa wangu wanalalamika. Kwenye kioo cha ile fremu, ukisimama kuisoma, unaona kama kuna mtu nyuma ya bega lako anaisoma pamoja na wewe. Nilidhani ni mambo ya ganzi. Lakini hata mimi, na mimi sijidungi." Akazitundua mwenyewe, akanikabidhi, akanawa mikono.

Nilishuka ngazi nikiwa na fremu mbili za bure na hasira ya mtu aliyeibiwa.

Hurlingham hadi Woodley

Ngong Road jua lilikuwa kali. Tulikula mahindi ya kuchoma tukitembea. Yule mama wa mahindi alinidai bei ya mtu wa gari, nikambishia kidogo ili moyo urudi mahali pake, akapunguza mara moja bila hata kutukana. Siku ilikuwa na kasoro.

Ukurasa wa tatu ulikuwa kwa nesi mstaafu anayeitwa Mama Nekesa, katika zile nyumba za zamani za baraza pale Woodley, zenye ua na mlango wa mbao mzito. Alifungua, akamwona Mwalimu, akashika kiuno.

"Sasa leo umevaa viatu! Afadhali. Karibuni, karibuni. Nyumba ni yenu."

"Tumewahi kuonana?" Mwalimu akauliza.

"Wewe dada! Jumatatu ulisimama hapa mlangoni, miguu mitupu, udongo mwekundu mpaka kwa kifundo. Nikakupangusa na kitambaa. Chai ukakataa. Ukasema tu unataka kuangalia."

"Nilikuwa nimevaa nini?"

"Hilo hilo sweta."

"Nilikuwa na sura ya mgonjwa?" Mwalimu aliuliza polepole, kama mtu anayeulizia habari za ndugu aliye mbali. "Nilikuwa nimekonda?"

Mama Nekesa akanivuta jikoni akisingizia sufuria. "Dada yangu," akaninong'oneza, "mpeleke hospitali mapema. Hiyo ni akili inaanza kutoka. Nimewaona wengi. Leo anasahau alikuwa wapi, kesho atasahau wewe ni nani."

"Mimi namjua tangu jana tu, mama."

"Basi usimwache peke yake barabarani."

Alitupikia kuku, ugali na mrenda, na akakataa tuondoke, maana wingu lilikuwa limekaa juu ya Ngong kama godoro. Ramani alikuwa ameigeuza, uso ukutani. Nilimuuliza kwa nini. Alisema njia ya miguu iliyochorwa mle ilikuwa ikimvuta macho: kila akiipita asubuhi, anajikuta ameifuata kwa kidole mpaka ukingoni, na kidole kinataka kuendelea. "Na mbele ya ukingo hakuna kitu, ni mbao ya fremu. Lakini kidole kinajua kuna mahali." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mwende nayo tu. Sitaki kitu."

Wa pili huyo. Bure.

Asubuhi, tukiwa kwenye kibaraza, nikamtolea Mwalimu yaliyokuwa yamenijaa.

"Mwalimu, mimi si mtoto. Jumatatu ulizunguka kwa hawa watu wote kabla ya kuja kwangu. Ulikuwa unapiga bei nyuma yangu. Kama ulijua nyumba, mbona unanitembeza?"

"Sikuja hapa Jumatatu."

"Watu wawili wamekuona."

"Nimewasikia." Alikuwa akifunga kamba za viatu. "Njeri, unafikiri wanadanganya?"

"Nafikiri mtu mmoja hapa anadanganya, na si mimi."

Mnielewe, nilisema hivyo huku pembe zake nne zikiwa kwenye dhamiri yangu. Nilihitaji sana awe mwongo, ili tuwe wawili.

Kawangware, mvua

Mvua ilitupata baada ya Dagoretti Corner na ikatusukuma mpaka Kawangware, ndani ya hoteli ya mabati yenye meza nne. Maji yalikuwa yameingia kwenye fremu moja. Mwalimu aliona doa likitambaa chini ya kioo, akasema tuzitoe karatasi zote upesi. Nikamwambia tungoje. Akasema tungoje nini. Kisha akaanza kung'oa misumari kwa kijiko cha chai.

Alizikausha kwa shali lake, akazipanga mezani tatu, mahali pa nne pakiwa wazi. Kisha akaweka kidole pale zinapokutana. Akakiondoa. Akakirudisha.

"Pembe ziko wapi?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati, ningeweza kujifanya sikusikia.

"Nilizikata," nikasema. "Zote. Ili ziingie kwenye fremu."

"Vipande viko wapi?"

"Niligawa. Alama za kusomea."

Mwenye hoteli alileta chai na mandazi, akaona nyuso zetu, akaviweka mbali kidogo na kuondoka kwa adabu. Mwalimu hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ulijua tangu Jumatatu."

"Ndiyo."

"Na ukanitembeza."

"Ndiyo."

"Basi tuendelee," akasema. "Ananingojea, na mimi nimeshachelewa miaka hamsini na minane."

Tukalipa, tukatoka kwenye tope. Mara mbili niligeuka nyuma kwa sababu nilisikia hatua za mtu wa tatu zikichota maji kwenye madimbwi. Mara zote mbili barabara ilikuwa na watu wengi tu, kama barabara yoyote ya Kawangware saa nne asubuhi, na hakuna aliyekuwa akitutazama.

Uthiru hadi Kinoo

Ukurasa wa nne ulikuwa kwenye bucha kando ya Waiyaki Way, umetundikwa juu ya mbavu za mbuzi. Mwenye bucha, Karanja, ni mtu mnene mwenye mdomo.

"Aa! Huyu mama ninamjua!" akapaza sauti tulipoingia. "Siku tatu anasimama hapo mlangoni, anaangalia ukuta wangu, hanunui hata matumbo. Nikajiambia, huyu ama ni mkaguzi, ama ananipenda."

Mwalimu alikuwa ameacha kukana.

"Tumekuja kuchukua ile ramani," nikasema. "Nakurudishia ulicholipa."

"Ng'o. Imepanda bei."

Sijui kama mnaweza kuelewa furaha niliyopata. Nikamwambia imejaa mafuta ya mbuzi. Akasema hiyo ndiyo thamani yenyewe. Nikamwambia hata shamba lililochorwa mle halipo tena. Akasema ndiyo maana ni adimu. Tulifika mahali ambapo anachukua pesa yake ya zamani na sisi tunanunua kilo mbili za nyama, na nikatoka jasho jema la kazi. Kisha akasema, akipima nyama:

"Lakini hiyo ploti mnayoongelea, si inachimbwa? Tingatinga iliingia jana asubuhi."

"Ilikuwa iwe Alhamisi!" Mwalimu akasema.

"Walisogeza mbele, mama. Mvua inakuja. Wamekula ploti yote, mimi nimeona na macho yangu."

Mwalimu alishika kaunta. Nilidhani ataanguka, lakini alikuwa akijishika ili asikimbie.

"Nipe nafasi," nikamwambia Karanja. "Futa damu hapa."

Nikapanga karatasi nne kwenye kaunta yake, na katikati zikasema uongo: njia ya miguu iliingia kwenye ukuta wa kanisa, kijito kikapanda kilima. Zikikaribiana hazikubaliani. Hapo ndipo nikakumbuka ninavyokata. Mimi sipimi ukingo. Nalaza rula yangu ya chuma sambamba na ukingo wa karatasi, ncha kwa ncha, na kupitisha wembe upande wa ndani. Miaka yote, rula ile ile. Kwa hiyo kila ukingo niliotupa ulikuwa na upana wa rula, si zaidi, si pungufu.

Nikaitoa kwenye mkoba. Nikazitenganisha karatasi kwa upana wa rula mara mbili, huku na huku. Nikarudia kupima. Njia ya miguu ikaruka ule weupe na kutua mahali pake. Kijito kikarudi bondeni. Katikati ukabaki msalaba mtupu wa kaunta ya bucha, na kitovu chake kilikuwa ndiyo pembe.

Mwalimu aliinama. Aliweka kidole kwenye ubao, pale ambapo hapakuwa na kitu, na akaanza kuhesabu kwa kipimo cha baba yake. "Kutoka kona ya kanisa la mawe, hatua sabini kuelekea kijitoni. Kisha kushoto, ishirini na mbili."

"Kanisa bado liko," Karanja akasema. Mdomo wake ulikuwa umetulia. "Nyama nitawawekea."

Ploti

Tulianzia kwenye kona ya kanisa. Sabini. Nilihesabu mimi, akahesabu yeye, tukakubaliana. Sabini zilitufikisha kwenye uzio wa mabati wa ploti, na mlinzi alimwona Mwalimu akafungua geti bila kuuliza.

Ndani lilikuwa shimo. Shimo lenye kina cha watu wawili, jekundu, kutoka uzio hadi uzio, na maji ya mvua yamesimama chini. Nusu ekari nzima ilikuwa imeondolewa kama kipande cha keki. Isipokuwa mahali pamoja. Ndani ya shimo, karibu na ukingo wa kushoto, palisimama nguzo ya udongo isiyoguswa, ukubwa wa kitanda, juu yake majani bado ya kijani. Ulimi mwembamba wa ardhi uliiunganisha na ukingo tuliosimama.

Mwalimu aligeuka kushoto akaanza kutembea juu ya ule ukingo, kisha juu ya ule ulimi. Sikuhitaji kuhesabu, lakini nilihesabu. Ya ishirini na mbili ilikuwa kwenye majani.

Dereva wa tingatinga alikuwa amekaa kwenye hatua ya mashine yake, injini imezimwa. Mtu wa makamo, mwenye koti la mvua, anaitwa Ochieng'. Alisimama alipotuona.

"Mathe, si nilikuambia nitangoja? Nimengoja. Bosi amepiga simu mara nne, nimemwambia mashine imeshika joto."

"Uliniambia lini?" Mwalimu aliuliza.

"Jana. Tulipofika hapo. Ulikuwa umesimama hapo hapo unaposimama sasa. Ukaniambia nisiguse, watu wako wako njiani wanaleta vipimo. Ukaniuliza kama nimechoka."

"Saa ngapi?" nikauliza mimi.

"Saa nne. Chai ilikuwa inaletwa."

Jumanne saa nne. Nilirudia hesabu hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia hesabu yoyote. Jumanne saa nne Mwalimu Eunice alikuwa Hurlingham, kwenye kiti cha plastiki upande wangu wa kulia, tukimsikiliza mwanamume akilia gego. Hakuondoka hata kwenda chooni. Nikakaa kwenye ndoo.

"Alikuwa hapa na mimi," nikamwambia Ochieng'. "Namaanisha, hakuwa hapa. Alikuwa na mimi."

Ochieng' alimtazama Mwalimu vizuri kwa mara ya kwanza. Akamuuliza kitu kwa Kijaluo. Mwalimu akajibu, na katika jibu nikasikia jina ambalo hakuwa amenitajia siku zote mbili: Adongo.

Ochieng' akavua kofia yake ya kazi.

"Mama," akaniambia, "kwetu watoto mapacha hawachaguliwi majina. Wakiwa wasichana, anayetangulia kuzaliwa ni Apiyo. Anayemfuata ni Adongo." Alikitazama kile kipande cha majani. "Huyu ni Adongo."

"Nilimtangulia saa moja," Mwalimu akasema. "Aliishi wiki tatu."

Sikuomba msamaha kwa yale ya kibarazani. Nilimwomba Ochieng' sepetu. Alikuwa na mbili. Tulichimba yeye na mimi, polepole, Mwalimu akiwa amepiga magoti kwenye majani. Udongo ulikuwa mlaini, haukutubishia hata kidogo. Kwenye kina cha goti chuma kiligusa mbao.

Haikuwa jeneza. Ilikuwa droo ya kabati la ramani, pana na bapa, mti wa mvule, pembe zimeliwa lakini imeshikana, ikiwa imepigiliwa mfuniko. Kishikio chake cha shaba kilikuwa bado mahali pake. Yule baba alimlaza mtoto wake mahali alipokuwa akilaza kazi zake. Mwalimu aliipangusa kwa mkono wa sweta. Nilimuuliza kama anataka tufungue.

"Hapana," akasema. "Nimeshaambiwa anafanana na nani."

Akaikumbatia akasimama, akakataa kusaidiwa. Ilikuwa nyepesi mno. Nyuma yetu Ochieng' alisubiri mpaka tulipofika ukingoni ndipo akapanda kwenye mashine yake, na hata hapo hakuiwasha.

Mimi nilitangulia ili nimfungulie geti. Nyuma yangu nikamsikia Mwalimu ameanza kuongea na droo kwa Kijaluo, sauti ya chini, ya haraka, ya mtu mwenye habari nyingi. Sikuelewa hata neno moja. Lakini alikuwa akinyamaza mahali pa kunyamaza, kwa muda unaotosha, kama mtu anayempa mwenzake zamu yake. Na mara moja, tukiwa karibu na geti, aliangua kicheko baada ya kimya kirefu, kwa jambo ambalo hakulisema yeye.